Kibao, ndala, udongo au simu: kipi umwanzishie maumbo mtoto mwenye mahitaji maalumu

Mtoto akitumbukiza duara jekundu kwenye tundu lake mara kumi mfululizo, mpongeze, halafu mpe duara la bluu. Akikwama, ujue alichoshika ni wekundu. Kila kifaa cha kufundishia maumbo kina somo jingine la pembeni ambalo hakuna aliyelipanga: rangi, upande wa meza, mlio wa simu, hata macho ya mwalimu yanapotazama. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo (unaofanya mikono na mwili visitii vizuri) au uoni hafifu, somo hilo la pembeni mara nyingi ndilo linalotangulia kuingia, na sisi watu wazima tunakuja kushtuka muhula umekwisha. Kwa hiyo badala ya kuanza na bei, tutauliza kila kifaa kinamdanganya nani, na kwa namna gani.

Tumechukua vile vinavyopatikana Mwanza mjini, Misungwi, Magu, Sengerema na hata ukivuka kwenda Ukerewe: kibao cha mbao chenye matundu, maumbo ya kukata kwenye ndala na boksi, udongo na mchanga, vyombo vya nyumbani, na simu. Chati ya manila ukutani hatukuihesabu. Ni pambo la darasa, mtoto haigusi.

Kibao cha matundu

Hiki ni kifaa cha zamani. Daktari Mfaransa Édouard Séguin (1812–1880) alifundishia vibao vya aina hii watoto wenye ulemavu wa akili, na Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitaliano, akajifunza kutoka kwenye maandishi yake kabla ya kufungua shule yake ya watoto wadogo, Nyumba ya Watoto, kule Roma mwaka 1907. Nguvu yake ni moja, nayo ni kubwa: kibao kinasahihisha chenyewe. Mraba hauingii kwenye tundu la pembetatu hata ukiusukuma kwa hasira, kwa hiyo mwalimu hana haja ya kusema "hapana". Mtoto aliyezoea kukatazwa tangu asubuhi anapumua.

Vibao vingi vya dukani vina kasoro tatu. Kila umbo lina rangi yake, kwa hiyo mtoto anaoanisha rangi. Matundu yamepangwa palepale siku zote, kwa hiyo anakariri mahali: pembetatu ni kule kulia. Na kipande cha mwisho ni cha bure, maana tundu lililobaki ni moja tu. Kibao cha matundu manne kikijazwa chote, hesabu vitatu vya kwanza. Cha nne hakikuambii chochote.

Ndiyo maana tunashauri uende kwa fundi seremala badala ya dukani, na umwagize vibao vitatu vinavyotengana: kimoja cha duara, kimoja cha mraba, kimoja cha pembetatu. Masalia ya plaiwudi yanatosha, huhitaji shiti nzima. Vipimo vyake ni hivi: kibao sentimita 20 kwa 20, juu plaiwudi ya milimita 9 yenye tundu, chini ya milimita 3 isiyo na tundu, zimegundishwa pamoja. Tundu la duara liwe na upana wa sentimita 10, la mraba sentimita 9, la pembetatu sentimita 12 kila upande, maana yakilingana duara litadondoka kwenye tundu la mraba, na kipande kipungue milimita 2 kila upande baada ya kupakwa rangi. Katikati ya kipande weka kishikio, kipande cha mpini wa ufagio chenye urefu wa sentimita 4, gundi pamoja na skrubu kutoka chini, kichwa cha skrubu kizame ndani ya mbao. Vipande vyote viwe vyeusi, vibao vyote njano. Rangi isiwe na madini ya risasi, tena isiyong'aa.

Mwambie fundi apige msasa kwenye kingo lakini asizile pembe. Mafundi wetu ni watu wema. Wakisikia kazi ni ya mtoto wanalainisha mpaka mraba unakaribia kuwa duara, na kumbe pembe ndiyo somo lenyewe. Achukue makali tu, yasichome. Na rangi ipakwe hadi ndani ya tundu. Plaiwudi iliyoachwa wazi kwenye kingo hunyonya unyevu wakati wa masika, inavimba, na kipande kilichokuwa kikidondoka chenyewe mwezi wa pili kinakwama mwezi wa nne. Mtoto anaweka sahihi, kibao kinakataa, na kesho yake hataki kukiona.

Anza na duara peke yake. Duara linaingia vyovyote litakavyogeuzwa. Mraba una mikao minne tu ya kuingilia, pembetatu ya pande sawa mitatu, mstatili miwili. Ugumu unapanda kwa mpangilio huohuo, na mstatili una balaa la ziada la kufanana na mraba, kwa hiyo usiutoe kabla mraba haujakaa sawa. Mara ya kwanza weka kipande tayari kwenye tundu, mwache mtoto akitoe. Kutoa ni rahisi kuliko kuingiza. Kisha weka kipande nusu ndani, nusu nje, yeye amalizie. Kisha kiweke pembeni ya tundu. Kisha mkononi mwake. Akishaweza mara nne kati ya tano kwa siku tatu tofauti, leta kibao cha pili kando ya cha kwanza, na kila zamu badilisha kipi kiko kushoto.

Kwenye pembetatu ndipo wengi wanapokwama, na hapo mkono wa mtu mzima ndio unaoharibu. Tazama: mtoto ameshika kishikio, ncha ya juu ya kipande imegonga ubavu wa tundu. Anasukuma. Anasukuma tena, kidole gumba kinageuka cheupe. Wewe ulimi unawasha kusema "geuza". Usiseme. Hesabu kumi moyoni. Asipogeuza, gusa kwa kidole pembe moja ya tundu, kimya. Asipoelewa, gusa kiwiko chake. Bado? Weka mkono wako chini ya wake, mgeuze pamoja naye, uachie kabla kipande hakijadondoka ili mdondoko uwe wake. Msaada upungue hivyohivyo siku hadi siku: kutoka mkono, kwenda kiwiko, kwenda kidole, kwenda macho tu. Anayeshikwa mkono kwa nguvu kila siku anajifunza kulegeza mkono na kusubiri.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kibao kinachoteleza ni adhabu. Kata tyubu ya baiskeli iliyochoka, tandaza vipande viwili chini ya kibao, hakisogei tena. Akae matako nyuma kabisa ya kiti, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu au tofali, meza usawa wa viwiko. Kama mkono hauwezi kushika hata kishikio, weka vipande viwili mbele yake vikiwa vimeachana kama sentimita 40, sema jina la kimoja, na subiri sekunde kumi uone macho yanakwenda wapi. Hilo ni jibu kamili, lihesabu.

Ndala na boksi

Soli ya ndala ni hazina isiyosifiwa. Inakatika kwa wembe, inaoshwa kwa sabuni, haivunjiki ikirushwa, haimuumizi aliyerushiwa, na jozi moja kuukuu inatoa vipande vinne au vitano. Boksi ni rahisi zaidi lakini kwa mtoto anayetoa mate halimalizi wiki. Ukilitumia, gundisha tabaka mbili, mistari ya ndani ya moja ikatize ya nyingine, la sivyo linajikunja.

Kibao kinakupa kipande kimoja cha kila umbo. Ndala zinakupa duara kubwa la bluu, duara dogo la kijani, duara jeusi lenye michirizi ya soli. Ni wingi huo unaovunja kukariri. Watoto wengi wenye usonji wanaweza kuoanisha haraka ajabu kwenye kibao chao, lakini ukiwapa duara jingine wanakutazama kama umewaletea mgeni. Mpe sinia mbili, weka duara moja kwenye hii na mraba mmoja kwenye ile, halafu mpe vipande vya rangi na ukubwa mchanganyiko avitenganishe. Akipanga kwa rangi, usimsahihishe kwa maneno. Ondoa vipande vilivyobaki, anza upya na rangi moja tu, kisha ingiza ya pili taratibu.

Udhaifu wa ndala ni kwamba haimkosoi mtoto, lazima wewe uwepo. Na kuna hatari moja isiyo na mzaha: mtoto anayetafuna. Soli hukatika vipande vidogo mdomoni na vinaweza kumpalia. Kwa huyo rudi kwenye mbao. Kwa mtoto yeyote, kipande kisipungue upana wa sentimita 5.

Kwa mtoto asiyeona, gundisha kamba ya katani kuzunguka ukingo wa umbo la boksi ili kidole kiufuate. Kwenye duara ongeza fundo au punje moja ya mahindi mahali pa kuanzia. Bila alama hiyo kidole kinazunguka na kuzunguka. Mtoto hana namna ya kujua kwamba amefika alikotoka. Kwenye mraba pembe zinamsaidia kuhesabu, kwenye duara hakuna cha kumsaidia.

Udongo na mchanga

Hapa matarajio ya watu wazima hupanda kuliko inavyofaa. Kutambua umbo na kulichora ni kazi mbili. Watoto wasio na ucheleweshwaji huiga duara wakiwa na miaka 3 hivi, mraba karibu na 4, pembetatu karibu na 5. Mtoto wako wa miaka 6 mwenye ulemavu wa akili anayekupa pembetatu kila ukimwomba, lakini akichora linatoka yai, anaijua pembetatu. Mkono wake ndio haujafika. Usimrudishe darasa kwa sababu ya yai.

Kwa hiyo udongo na mchanga ni vya kuzoesha vidole na kumpa raha mtoto anayependa kugusa, wala si vya kumpima. Mchanga uchekeche, uanike juani siku nzima, umwage kwenye sinia kina cha sentimita 2. Kama sinia ni ya bati, tandika kitambaa cheusi kwanza, maana mng'ao unamsumbua mtoto mwenye ualbino. Usimfundishie kwenye maji ya kina kifupi ukingoni mwa ziwa, hata kama mchanga wa pale unachoreka vizuri: kichocho kinaingia kupitia ngozi mtu akiwa majini, na Ziwa Victoria linacho. Beba mchanga uje nao nyumbani.

Donge la ngano la kufinyanga: vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, kijiko kikubwa 1 cha mafuta, na maji karibu kikombe 1, ukiyatia kidogokidogo mpaka lisinate vidoleni. Chumvi hiyo ndiyo inayolihifadhi, na ndiyo sababu ya kutolitumia kabisa kwa mtoto anayekula visivyolika. Chumvi nyingi hivyo ni sumu kwa mwili mdogo. Udongo wa mfinyanzi pia huyo usimpe. Na yupo anayekunja uso na kurudisha mkono akigusa tu kitu chenye unyevu. Mpe kijiko au brashi achoree, usimlazimishe vidole.

Vyombo vya nyumbani

Sahani, kifuniko cha ndoo, ungo, kiberiti, kanga iliyotandazwa, tanga la mtumbwi pale Kirumba. Vizuri vyote, ila si vya kuanzia. Kiberiti kina nyuso sita, chungwa ni tufe wala si duara, na mawe ya Mwanza tunayoyaita ya mviringo hayana hata umbo moja la darasani. Mtoto aliyeanza na hivi anachanganya kitu na umbo lake.

Njia ya kuviunganisha ni alama. Kandamiza mdomo wa kikombe kwenye mchanga, ukiinua kuna duara. Kandamiza kiberiti, kuna mstatili. Sambusa ni pembetatu nzuri kuliko zote sokoni, lakini itumie mwishoni mwa somo, vinginevyo utapata mtoto anayeamini kwamba pembetatu ina nyama ndani.

Simu

Tuwe wakweli: watoto wanaipenda, na kwa wachache inafanya kisichofanywa na mbao. Mtoto ambaye tatizo lake la kuona liko kwenye ubongo, na wapo wengi wa namna hiyo kati ya wenye mtindio wa ubongo, mara nyingi anaona vizuri zaidi kitu chenye mwanga wake mwenyewe, kimoja, juu ya weusi mtupu. Mtoto mwenye kidole kimoja tu kinachotii anaweza kugusa umbo kubwa kwenye kioo.

Kwa wengine wote simu ndiyo mdanganyifu mkuu. Programu nyingi hulivuta umbo lenyewe mpaka mahali pake ukilisogeza karibu tu, kwa hiyo kugeuza, ambako ndiko kazi yenyewe, hakufanyiki. Akigusagusa hovyo atapata, na nyota zitamwagika vilevile. Kioo hakina ukingo wa kupapasa. Ukiitumia, zima sauti na intaneti, chagua maumbo mawili ya rangi moja, dakika 10 zitoshe. Mwenye kifafa asipewe programu za kumetameta mpaka daktari wake aulizwe. Baada ya simu weka ndala mezani: kama hawezi kukupa duara la ndala, alama alizopata kwenye simu zifute.

Maneno, kwa vifaa vyote

Kiswahili kina mtego ambao walimu wengi hawauoni. Ukiuliza "huu ni nini?" umeshamwambia kwamba si duara, maana duara ni "hili", ukiuliza "hii ni nini?" umeshamtajia pembetatu. Wapo watoto ambao hawatazami kipande kabisa, wanasikiliza kiambishi. Uliza kila mara "umbo hili linaitwaje?", sauti ileile, na macho yako yasitangulie kwenye jibu.

Ufuate hatua tatu, na usiruke: kwanza mwambie jina, kisha mwombe akupe ("nipe mraba"), kisha ndipo umuulize jina. Kati ya ya pili na ya tatu panaweza kupita miezi. Asiyesema aishie ya pili na awe amefaulu. Kiziwi atumie alama ya lugha ya alama ambayo darasa zima na nyumbani wanaitumia. Kama nyumbani ni Kisukuma au Kikerewe, kubalianeni neno moja kwa kila umbo, bibi naye alijue. Neno pembetatu lina bahati ya kujieleza: gusa pembe, hesabu moja, mbili, tatu. Anayeuita mraba pembenne hajakosea. Na mraba ukiusimamisha kwa pembe yake wengi watasema ni uru ya karata. Ugeuze mbele yao polepole, uwarudishie, mara nyingi kadiri itakavyohitajika.

Basi uchukue kipi

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au Down sindromu anayeanza leo, vibao vitatu vya mbao, kisha ndala. Mwenye usonji, kibao kwa wiki chache tu, uharakishe kuhamia kwenye ndala kabla kibao hakijawa ibada. Mtindio wa ubongo, kibao chenye vishikio na tyubu chini, simu ikiwa mkono umegoma kabisa. Mwenye ualbino, kibao kisichong'aa, kiti kikiwa kimeligeuzia dirisha mgongo, na aruhusiwe kuinamia kipande mpaka pua ikiguse. Hilo walimu wa shule kama Mitindo, Misungwi, ambayo imepokea kwa miaka mingi wanafunzi wenye uoni hafifu, hawahitaji kuambiwa, lakini darasa la kawaida bado linamwambia "kaa wima". Asiyeona, kibao na kamba ya katani. Dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Wiki mbili zikipita pasipo mabadiliko yoyote, rudi hatua moja nyuma kabla hujabadilisha kifaa.

Na kama pesa ya fundi haipo, usiitupe soli baada ya kukata umbo. Tafuta ndala ya mtu mzima, kata katikati ya sehemu pana umbo la sentimita 6 kwa wembe mpya, mkato mmoja safi usiorudiwa. Kilichobaki mkononi ni tundu. Punguza kipande milimita 2 kuzunguka, gundisha soli juu ya boksi gumu, toboa katikati ya kipande upitishe kamba nene yenye fundo chini na juu iwe kishikio. Tayari una kibao kinachojisahihisha.